Kisiki cha Bondeni

Kuchoka kuna madaraja. Kuna kuchoka kwa aliyebeba magunia, ambaye akilala usiku mmoja anaamka mzima. Na kuna kuchoka kwa mtu ambaye maneno ya wote yanapita kwake, ya huku yakienda kule na ya kule yakija huku, na uchovu huo hauponi kwa usingizi, kwa sababu hata akilala anaota anapokea simu. Dada Mkuu alikuwa na uchovu wa namna hii ya pili. Jumatano ile alifika kazini saa mbili kasoro robo, akasukuma mkoba chini ya meza, akakaa, na kompyuta hakuiwasha. Alikaa tu.

Walimwita Dada Mkuu kwa sababu mbili. Kwanza alikuwa fundi mkuu wa mtandao wa hospitali ile, ile kuu na matawi yake yote. Pili alikuwa na tabia ya kuwauliza watu wazima wenye wajukuu kama wamekula. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, ina feni mbili na mlio wa mashine usiokoma. Meza ya pili ilikuwa ya msaidizi wake, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, ambaye ukimwuliza kazi yoyote imefika wapi jibu lake ni lile lile, na ndiyo maana hospitali nzima ilimjua kwa jina la Mzee Bado.

"Umelala jana?" Mzee Bado akamwuliza.

"Nimelala."

"Haya. Labda uso wako ndio haujapata habari," akasema, akamsogezea chai.

Niseme mapema kilichokuwa kinamla, maana mimi sipendi kumzungusha mtu. Wiki saba nyuma, mdogo wake, yule aliyemwachia ziwa, alianguka kazini kwake katika mji wa mbali. Asubuhi alianguka, mchana hakuwa wa dunia hii. Na wiki hiyo hiyo mama yao alikuwa ametoka kulazwa kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alikuwa amewaambia watoto: kwa sasa mwepusheni mama na mshituko. Alisema "kwa sasa". Hakuna hata mmoja aliyerudi kumwuliza hiyo sasa inaishia lini.

Ndugu waliobaki walikuwa watatu. Walizungumza kwa simu, wakakubaliana mama asiambiwe mpaka apate nguvu. Kukubaliana kulikuwa rahisi mno, na mimi jambo la msiba likiwa rahisi huwa naliogopa. Nani atakayekaa na siri hiyo?

"Wewe ndiye mkubwa, dada," akasema wa tatu.

"Na wewe ndiye uko karibu naye," akadakia kitinda mimba.

Ukubwa jalala, walisema wahenga, na hawakukosea. Dada Mkuu akaenda kuzika na kurudi kwa siku tatu, akamwambia mama kwamba ni semina ya kazini. Aliporudi akaichukua simu ya mama akidai ina hitilafu, akamletea nyingine ndogo, na ndani yake mlikuwa na namba moja tu, yake mwenyewe. Ndugu wa mbali wakaonywa, majirani wakaombwa, binamu aliyekaa na mama akaapishwa. Mtu akiwa na neno la kumwambia mama, alipitishe kwa Dada Mkuu. Naye mama akiwa na swali lolote juu ya dunia, aliulize kwa Dada Mkuu. Kila baada ya siku moja alikwenda kumwona, akajipangusa uso garini kabla ya kushuka, na kila akienda mama alimwuliza, "Na mwenzako? Mbona kimya?"

"Huko aliko mtandao mbaya, mama," alijibu.

Fundi mkuu wa mtandao huyo, anasema mtandao mbaya. Ukitaka kucheka cheka, lakini cheka taratibu.

Basi. Asubuhi ile simu ya mezani ikalia, na alikuwa daktari wa wodi ya wanaume.

"Dada, ile maabara kubwa ya nje mliyotuunganisha nayo, mbona mimi siioni? Nina mgonjwa hapa nasubiri majibu yake. Bondeni wanayaona tangu Jumatatu. Wananisomea kwa simu, halafu mtu mmoja anakohoa nakosa tarakimu. Leo tumetuma pikipiki ikalete karatasi. Karne hii."

"Nipe saa moja," akasema Dada Mkuu.

Hapa lazima nieleze kidogo, na msinikimbie, si mambo ya kutisha. Mtandao mkubwa ukiuacha uwe kitu kimoja, kila ruta, yaani kile kisanduku kinachozionyesha habari njia ya kupita, italazimika kujua ramani ya kila uchochoro, na mahali waya mmoja ukikatika ruta zote zinaanza kuchora ramani upya. Kwa hiyo mafundi huukata maeneo. Eneo sifuri ndilo mgongo, na lilikuwa hospitali kuu. Maeneo mengine yote yameegemea mgongo huo, na eneo halisemi na eneo jingine ila kwa kupitia hapo. Pale eneo linapogusana na mgongo inakaa ruta ya mpakani, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Hiyo inasikia ya pande zote mbili, na kila upande inaupa muhtasari wa upande wa pili. Kazi ngumu hiyo, na ruta haina likizo.

Sasa tawi la bondeni lilikuwa na historia yake. Miaka minane iliyopita ruta yake ilikuwa kuukuu, ina kumbukumbu ndogo, na habari zikiwa nyingi ilikuwa inaganda mpaka mtu aizime na kuiwasha. Dada Mkuu akaionea huruma. Akaligeuza eneo la bondeni kuwa kile ambacho mafundi wa pale walikiita kisiki. Kisiki hakipelekewi habari za nje. Ruta ya mpakani hukipa mstari mmoja tu: lolote usilolijua, lilete kwangu. Bondeni ikatulia. Haikuganda tena, na hakuna aliyeikumbuka.

Lakini kisiki kina sharti la pili, na hilo ndilo watu hulisahau. Kama hakipokei habari za nje, hakiruhusiwi pia kuzitangaza. Kwa miaka minane sharti hilo halikumkera mtu, maana bondeni haikuwa na mlango wa nje wowote. Jumatatu ile ikapata. Waya wa maabara kubwa ulichomekwa kwenye ruta ya bondeni, bondeni ikaijua maabara vizuri kabisa, na ikanyamaza nayo kifuani, kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa.

"Kisiki," Dada Mkuu akasema, mkono kwenye paji la uso. "Nililiacha kisiki."

"Lifanye kisiki chenye tundu," akasema Mzee Bado.

Hiyo ndiyo dawa yake. Kisiki chenye tundu kinabaki kimefungwa, ila kina ruhusa ya kutoa habari zake chenyewe za nje, kuipa ruta ya mpakani, nayo ikazipeleka kwenye mgongo. Ni kufuta maagizo ya zamani na kuandika mapya pande zote mbili, kwa sababu ruta jirani husalimiana kila baada ya sekunde kumi, na ndani ya salamu kila mmoja hutaja eneo lake ni la aina gani. Wasipoafikiana, salamu haipokelewi. Zikipita sekunde arobaini bila salamu, huyu anamhesabu mwenzake kuwa amekufa.

Na iko kanuni, ambayo Dada Mkuu mwenyewe aliibandika ukutani juu ya meza ya Mzee Bado: ruta ya mbali hupewa barua nzima, haipewi sentensi moja moja. Maana yake, maagizo yote unayaandika kwenye faili, unalituma, ruta inalisoma lote kwa mkupuo. Fundi wa mwezi mmoja anaijua.

Dada Mkuu akaingia kwenye ruta ya bondeni akiwa kwenye kiti chake. Wakati huo huo simu yake ya mkononi ikaanza kutetemeka. Alikuwa kitinda mimba: mke wa marehemu anataka kuja kumwona mama mkwe wake, amwambieje? Ikatetemeka tena. Wa tatu: shangazi amechoka kusema uongo, dada ongea naye. Akaigeuza simu kifudifudi. Akaandika sentensi ya kwanza, ile ya kufuta maagizo ya zamani ya njia, akabonyeza.

Kioo kikaganda.

Alikitazama kwa muda. Alikuwa amefuta njia ile ile ambayo sentensi ya pili ingepitia. Bondeni sasa haikujua kisiki wala mgongo, haikujua hata kama kuna hospitali kuu. Na kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa usalama, alikwisha iagiza ruta ile isimfungulie mtu yeyote ila mashine ya mezani kwake, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

"Dada Mkuu," akasema Mzee Bado polepole, akitazama kioo chake, "bondeni imepotea."

"Ni mimi."

"Uliwapa sentensi?"

"Niliwapa sentensi."

Mzee Bado alikuwa na haki ya kucheka. Miaka sita alikuwa akitishwa na ile karatasi ya ukutani. Hakucheka. Akasema tu kwamba wapigiwe simu wazime ruta na kuiwasha, maana kwa kuwa Dada Mkuu hakuhifadhi mabadiliko, itaamka na maagizo yake ya zamani.

"Imo kwenye kabati la chuma," akasema Dada Mkuu.

"Wafungue kabati."

"Ufunguo ninao mimi."

Mzee Bado akatazama juu, kama mtu anayehesabu mbao za ngazi. "Dada yangu," akasema, "kuna kitu chochote katika hospitali hii ambacho hakipitii kwako?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini Dada Mkuu akainuka akachukua laptopu, kebo na mkoba, akatoka uso wake usije ukaonekana. Mlangoni alisema bila kugeuka, "Kaa hapo. Nikikupigia, ubadilishe upande wa mpakani."

Dereva wa hospitali alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo Dada Mkuu alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Njia ya kuteremka bondeni ilikuwa ya nusu saa. Aliegemeza kichwa kwenye kioo. Simu zilikuja nne. Ya daktari, ya daktari tena, ya mhasibu wa tawi anayesema hana mtandao, ya kitinda mimba. Zote alizijibu kwa sauti moja, ile ya mtu anayesema "nakuja" huku angependa kusema "niacheni". Kitinda mimba alimwambia, "Dada, wewe una moyo wa chuma." Akamwambia ahsante. Alimchukia kwa dakika nzima, kisha akajichukia yeye kwa kumchukia mdogo wake.

Tawi la bondeni lilikuwa jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu. Kabati la chuma lilikuwa mwisho wa korido, pembeni ya chumba cha kuchemshia vyombo, na palikuwa na joto la kutosha kuivisha mtu. Mkuu wa maabara alikuja mwenyewe, mwanamke mwembamba aliyevaa koti jeupe, miwani juu ya nywele.

"Tumekufa tangu saa tatu," akasema.

"Najua. Nimewaua mimi. Nipisheni kidogo."

Akafungua kabati, akachomeka kebo kwenye ruta, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na laptopu magotini. Safari hii aliandika barua nzima. Aliisoma mara mbili kwa kidole, kama mtoto wa darasa la pili. Eneo ni namba tano. Ni kisiki chenye tundu. Habari za waya wa maabara zitangazwe. Akaituma, akapiga simu.

"Upande wako sasa."

"Bado," akasema Mzee Bado.

"Mzee."

"Nimesema bado, naisoma mara ya pili. Leo akikosea mmoja wetu inatosha." Vitufe vikalia. "Haya. Tayari."

Katika miaka sita hilo neno hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Kwenye kioo salamu zikaanza kupokelewa, ruta mbili zikatambuana, zikapeana ramani, na baada ya muda Mzee Bado akasema kwamba hospitali kuu inaiona maabara ya nje, na daktari wa wodi ya wanaume ameacha kupiga simu, jambo ambalo ni ushahidi tosha.

Mkuu wa maabara alikuwa bado amesimama pale, ameegemea ukuta.

"Hivi tatizo lilikuwa nini hasa?"

"Niliwafunga, zamani," akasema Dada Mkuu. "Ruta yenu ilikuwa dhaifu. Sikutaka isumbuliwe na habari nyingi."

"Ile ruta ya zamani? Si ilibadilishwa? Hii ina mwaka wa nne."

Dada Mkuu akaitazama ruta iliyokuwa mbele yake. Kweli ilikuwa mpya. Yeye ndiye aliyeifunga pale kwa mkono wake, na siku ile ile akaipakulia maagizo ya ile dhaifu, neno kwa neno.

"Mbona hamkusema kwamba sisi huko hatuoni majibu?" akauliza, akitafuta wa kulaumu pamoja naye.

"Tungejuaje? Sisi huku tulikuwa tunaona kila kitu. Tukadhani na ninyi mnaona, mmenyamaza tu; huyo daktari anayetaka tumsomee tukadhani ni kompyuta yake mbovu." Mkuu wa maabara akashusha miwani machoni. "Mngeuliza, tungewaambia."

Dada Mkuu akafunga kabati. Halafu akautoa ule ufunguo kwenye shada lake, akampa. "Kaa nao wewe," akasema. Mwenzake akaupokea bila sherehe na kuutia mfukoni, akarudi kwenye chupa zake.

Dereva alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kula. Nyumba ya mama ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Haikuwa siku yake ya kwenda, na wala hakuwa na hamu ya kwenda, nisiwadanganye. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na kila alipoiona ile nyumba sasa alitamani kugeuka. Lakini kupita karibu na mama bila kumwona ni dhambi ya aina yake. Akatembea juani, akapita duka la vifaa vya ujenzi, akapita fundi cherehani, na mbele ya mlango akajipangusa uso kwa kiganja.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, ungo magotini, anachambua mchele. Binamu alikuwa ameenda sokoni.

"Leo umekuja na jua," mama akasema.

"Nilikuwa na kazi hapo tawini. Nikaona nipite."

"Umekula?"

"Nimekula."

Mama akamtazama kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyostahili, kisha akarudi kwenye mchele. Dada Mkuu akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Chumba kilikuwa safi, kina harufu ya sabuni. Dawa za moyo zilikuwa zimepangwa juu ya kabati la vyombo kwa siku zake, na za asubuhi zilikuwa zimemezwa. Walizungumza habari za presha, ambayo imeshuka vizuri, na habari za goti, ambalo halijashuka popote. Kisha mama akauliza, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Na mwenzako? Bado kimya?"

Dada Mkuu akafungua kinywa. Sentensi ilikuwa tayari, alikwisha isema mara ishirini na zaidi, ilikuwa imelainika kama ngazi ya zamani. "Huko aliko," akaanza. Haikuendelea. Ningependa kuwaambia kwamba alipiga moyo konde akaamua kusema kweli, lakini sivyo. Alichoka tu. Ulimi wenyewe uligoma, ukabaki hapo, naye akabaki akiangalia mikono yake.

Mama akauweka ungo sakafuni.

"Mwanangu," akasema, "aliniambia muuza maziwa."

Dada Mkuu hakuelewa. Au alielewa na mwili ukakataa kwanza.

"Siku ile uliyokwenda semina," mama akasema. "Binamu yako alikuwa bombani. Muuza maziwa akabisha hodi, akavua kofia, akaniambia, mama, pole kwa kijana wako. Nikamwambia ahsante. Akanipimia maziwa, nikayapokea, nikamwambia apite salama. Nikafunga mlango."

"Mama."

"Binamu yako aliporudi akakuta nimeshanawa uso. Naye hakusema kitu, nami sikusema."

"Lakini umekuwa ukiniuliza," akasema Dada Mkuu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikuwa ya mtu mkuu wa kitu chochote. "Kila nikija unaniuliza habari zake. Wiki saba."

"Nilikuwa nakupa nafasi. Kila nikisikia gari lako nasema, leo ataniambia. Nakuuliza ili upate pa kuanzia. Wewe unaniambia mtandao." Mama akatikisa kichwa. "Na ulivyokuwa unakuja, ule uso. Nikasema huyu nikimbana ataanguka hapa hapa, nitabaki na nani? Nikaona nikuache mpaka uwe na nguvu."

"Daktari alisema moyo wako usishituliwe."

"Moyo wangu haukumngoja daktari."

Huko nje mtu alikuwa anapiga msumari, akinyamaza, akipiga tena. Dada Mkuu aliziona zile wiki saba zote upande wa pili, upande ambao hakuwahi kuuwaza: mama amekaa hapo dirishani na msiba wake kamili, na simu yenye namba moja, na hana hata mtu wa kumwambia mwanangu amekufa, kwa sababu kila mtu alikwisha onywa asizungumze naye. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ulikuwa unalia na nani, mama?"

"Peke yangu. Binamu yako akienda sokoni nalia. Akirudi nachambua mchele." Mama akautazama ungo. "Siku hizi mchele wa nyumba hii hauna chuya hata moja. Nauchambua mara tatu."

Dada Mkuu akacheka, kicheko kifupi kibaya kilichomtoka bila ruhusa.

"Na wewe," mama akauliza, "ulimlilia lini?"

Akatafuta. Akatafuta kweli, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka mahali. Hospitali ya kule alikuwa anasaini karatasi. Makaburini alikuwa ameshika simu, wa tatu anauliza wamefika wapi, kitinda mimba anauliza mama hajashuku. Kwenye basi la kurudi alikuwa anafikiri mama atamwonaje macho. Baada ya hapo, kila baada ya siku moja, alikuwa na mahali pa kwenda na uso mkavu.

"Sijamlilia," akasema.

Mama akasogea kwenye kiti, akajipigapiga goti, lile zima.

"Funga mlango uje ukae hapa," akasema. "Mimi nilishalia, sasa ni zamu yako. Halafu unieleze tangu mwanzo. Muuza maziwa alinipa neno moja tu. Sijui hata mwanangu mlimzika na nguo gani."

Dada Mkuu akainuka akafunga mlango. Simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mkoba, akaiacha. Akakaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa mama yake, akaanza na suti, ile ya kijivu aliyoipenda, na hakufika kwenye vifungo.